Tone la Damu Kabla ya Kutembea



Mwaka uliopita nilikwenda Kisumu kumzuru dada yangu mkubwa, aliyeolewa mtaa wa Kaloleni tangu ujana wake. Mwaka wa tisa huu anaugua kisukari. Nilimkuta kitandani, shavu limechubuka. Siku mbili kabla, baada ya Sala ya Alfajiri, alimeza vidonge vyake, akavaa buibui, akashika njia ya Dunga bila kutia kitu tumboni, kwa kuwa aliambiwa mazoezi ni dawa. Karibu na ufuko mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likamtoka, maneno yakamponyoka, akaanguka. Waliomwokota, Mungu awalipe kheri, walidhani kapagawa na jini, wakawa wanamsomea. Mama mmoja muuza samaki, ambaye marehemu mumewe alikuwa na maradhi hayo hayo, ndiye aliyesema, "Huyu amepungukiwa na sukari," akamnywesha soda kidogo kidogo.

Nakiri kwamba mimi ndimi niliyemhimiza kwa simu atembee, wala sikumwuliza hata mara moja anatumia dawa gani.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, na huendelea kuivuta saa nyingi baada ya mtu kupumzika. Hiyo ndiyo faida ya mazoezi. Lakini anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi vinavyoilazimisha kongosho kuitoa insulini, huwa na wavutaji wawili katika kamba moja. Metformini peke yake ni nadra kumwangusha mtu.

Alipopata nafuu alikwenda hospitali kubwa ya Kisumu, ile ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa mwaka 1969. Muuguzi akampa kazi: ajidunge kidole kabla ya kutembea, ajidunge tena akirudi, aandike namba zote mbili daftarini. Tuliifanya pamoja juma zima. Asubuhi kabla ya kula, mashine ilisoma 5.3, tulipozunguka mtaa na kurudi, 3.8, nami nikakimbilia kopo la sukari. Siku nyingine alikula ugali kwa samaki adhuhuri. Saa moja unusu baadaye alikuwa na 12.4, tukatembea dakika 20, tukapata 9.1. Akacheka. "Mdogo wangu, kumbe miguu yangu ni dawa, ila ina saa zake!"

Akauhamishia mwendo wake baada ya chakula. Daktari naye, alipolisoma daftari, akampunguzia kidonge cha asubuhi.

Kwa anayetumia insulini au vidonge hivyo, kipimo kikiwa chini ya 5 ale kwanza ndizi au kipande cha mkate. Kati ya 5 na 14, aende. Kikizidi 14 naye anajihisi mgonjwa, aache mazoezi amwone daktari. Kikishuka chini ya 4, akae, anywe maji yaliyotiwa vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Stripu zina bei, najua. Si lazima kupima daima kwa wingi huo. Siku chache za kupima kwa makini hukuonyesha tabia ya mwili wako, nao wa jirani yako haufanani nao.

Wengi huniuliza kuhusu Ramadhani. Kujidunga kidole hakuvunji saumu. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo, ijapokuwa adhana ya Magharibi imebakia dakika kumi. Siku hiyo ataikidhi. Na tarawehe nayo ni mazoezi: kuinuka na kusujudu rakaa baada ya rakaa si kazi ndogo kwa mwenye dawa mwilini. Apime kabla ya kwenda, na tende zisikose mkobani.

Dada yangu sasa hutembea na majirani wawili. Kila Jumamosi hufika Dunga kununua ngege kwa yule mama, naye kabla ya kumtajia bei humwuliza, "Leo umepima?"