Kindu: washauri wa komini tuliwachagua, kazi hawajapewa

Kila Jumamosi asubuhi tunashika jembe. Salongo inatangazwa kanisani Jumapili baada ya matoleo, inarudiwa redioni Ijumaa jioni, na kesho yake watu wa avenyi wanatoka: wamama na fagio, vijana na beleshi, wazee na maneno. Mwaka huu wa 2025 mvua za Machi na Aprili zimetufanyisha kazi mara mbili. Mtaro tunaousafisha leo unajaa mchanga wiki inayofuata, maji yanaingia ndani ya nyumba, na watoto wanakwenda masomoni na viatu mkononi.

Jumamosi moja ya mwezi huu, tukiwa ndani ya mtaro, kijana mmoja wa kwaya aliuliza: "Huu mtaro ni wa nani?" Watu walicheka. Mmoja akasema ni wa Leta, mwingine akasema ni wa komini, na mama mmoja akasema ni wake, kwa sababu maji yake yanalala kitandani kwake. Kicheko kilikwisha, swali likabaki. Tumeona afadhali kulijibu kwa maandishi, maana jibu limo ndani ya sheria za inchi yetu, na linahusu watu tuliowapigia kura sisi wenyewe.

Tukumbuke tarehe 20 Desemba 2023. Siku ile ndugu zetu wa Kibombo, Kailo na Kasongo walichagua mara tatu: rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Sisi wa Kindu tulichagua mara ya nne, kwa sababu tume ya uchaguzi, CENI, iliamua kwamba washauri wa komini wachaguliwe kwanza katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Komini zetu ni tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi wa mto Lualaba, na Alunguli ng'ambo, upande wa mashariki. Kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, mtu wa Alunguli aliweza kumchagua jirani yake, anayemjua kwa jina la baba yake, aende kusema habari za Alunguli. Wenzetu wa Tanzania wangemwita diwani. Wengi wetu tulisimama kwenye mstari kwa saa nyingi kwa sababu ya kura hiyo ya nne kuliko zile tatu. Na waumini wetu walikuwa pia ndani ya vituo kama waangalizi, chini ya ujumbe wa pamoja wa Kanisa la Kristo Kongo na maaskofu Wakatoliki.

Kura hiyo haikuwa mwisho wa safari. Kwa sheria, washauri wa komini wanapokaa, wao ndio wanaomchagua bugumestre, yaani mkuu wa komini, na msaidizi wake. Washauri hao hao wanachagua pia washauri wa mji, na washauri wa mji wanamchagua meya. Ni ngazi: raia anapanda daraja la kwanza, waliochaguliwa wanapanda yanayofuata. Mwaka 2024 wabunge wa majimbo walifanya sehemu yao, wakachagua maseneta na magavana. Ngazi ya miji ikabaki pale pale. Uchaguzi wa washauri wa mji, wa mameya na wa mabugumestre umesogezwa mbele mara kwa mara, na hadi Aprili hii bado haujafanyika. Kwa hiyo wanaotuongoza katika mji na katika komini ni watu walioteuliwa kutoka juu, kama ilivyokuwa kabla ya kura.

Hatusemi kwamba aliyeteuliwa ni mtu mbaya. Tumeona wenye bidii kati yao. Tunasema jambo moja tu: tuliyemchagua hashiki funguo, na anayeshika funguo hatukumchagua. Mama wa mtaroni akitaka kulalamika, aende kwa nani? Akienda kwa mshauri wake, huyo atamsikiliza vizuri na kumwambia kwamba hana ofisi, hana karatasi, hana mshahara. Washauri wengi wa inchi hii wamelia hadharani juu ya jambo hilo. Akienda kwa bugumestre, huyo anajua kwamba kura ya mama haikumweka pale na haitamtoa.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kazi za komini. Masoko ya komini ni yake. Barabara ndogo za kartie, mitaro ya kupitisha maji, taa za njiani, usafi, shule za watoto wadogo, hayo yote baraza la komini linaweza kuyakatia shauri. Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya komini, na ndilo linaloweza kumwita bugumestre na kumuuliza: pesa hizi zimekwenda wapi? Mtaro, basi, ni wa komini. Yule aliyejibu hivyo alishinda.

Na pesa? Hapa wasomaji wetu watuvumilie kidogo, hesabu si ndefu. Katiba, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Sheria ile ya 2008 inaongeza kwamba katika sehemu hiyo ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na uchifu. Maana yake, katika kila franka 100, jimbo lipate 40, na katika hizo 40, franka 16 zishuke hadi chini kwetu, zigawanywe kwa kutazama wingi wa watu, ukubwa wa eneo na nguvu ya kuzalisha. Ndivyo ilivyoandikwa. Katika matendo, pesa zinapanda kwanza Kinshasa, halafu zinarudishwa kidogo kidogo, pungufu na kwa kuchelewa, na zikifika jimboni zinakuta madeni yanazingojea mlangoni. Zinazofika kwenye komini ni kama maji ya mwisho wa bomba.

Lakini kuna pesa nyingine ambazo hazipandi Kinshasa, na hizo ndizo zinazotuuma. Mama anayeuza sombe, mawese au samaki analipa kodi ya soko kila siku anapotandika meza yake. Analipa mvua inyeshe isinyeshe. Tukiwauliza wamama wetu, wanajua kiasi hadi franka ya mwisho. Wasichojua ni kitabu gani pesa hizo zinaandikwa. Mahali pa kuuliza ni barazani, kwa njia ya mshauri. Wanaolipa kila asubuhi ndio hao hao wanaorudi Jumamosi kuchimba mtaro wa soko bila malipo. Wametoa mara mbili.

Hapo ndipo tunapoanza kuitazama salongo yetu kwa jicho jingine. Tunaipenda. Inatukutanisha Mprotestanti, Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini, na mji kama Kindu, wenye Waislamu wengi na makanisa mengi, unahitaji mahali pa namna hiyo. Lakini beleshi haliwezi kujenga kalaveti. Beleshi haliwezi kuzuia korongo linalokula avenyi nzima. Tukiendelea kuziba kwa mikono yetu kila pengo la bajeti, wenye bajeti watazoea. Wengine katika sisi wamekwisha kusema, nusu kwa mzaha, kwamba salongo imekuwa baraza la komini lisilo na viti.

Tuchukue mfano wa mto. Kindu ni mji mmoja uliokatwa na Lualaba, na daraja hakuna. Stesheni ya reli, uwanja wa ndege na ofisi kubwa ziko upande wa magharibi. Njia ya Kalima na Pangi, yenye kuleta mchele na ndizi, inaishia Alunguli. Kila asubuhi wanafunzi, wauzaji na wagonjwa wanavuka kwa mitumbwi na pirogi za motere. Mto ukijaa, kama siku hizi, maji yanakimbia na bandari ndogo zinageuka matope. Daraja ni jambo la taifa, hatulidai kwa bugumestre. Lakini ngazi za saruji pale watu wanaposhukia, taa moja kwenye gati, amri ya kutopakia watu kupita kiasi na mtu wa kuisimamia, hayo si ya Kinshasa. Ni ya watu waliochaguliwa Alunguli, Kasuku na Mikelenge kukaa meza moja. Mtu wa Alunguli anayelala na mgonjwa usiku akingoja mtumbwi anaelewa siasa ya komini bila mwalimu.

Miezi hii ina siku nyingi za kukutana. Tarehe 8 Machi ilikuwa siku ya wamama, Pasaka tuliisherehekea tarehe 20 Aprili, na tarehe 30 Aprili ni siku ya elimu, walimu na wanafunzi wanapojitokeza. Katika mikusanyiko ya namna hii washauri wa komini wanaitwa, wanapewa kiti cha mbele, jina linatajwa, watu wanapiga makofi. Kisha wanarudi nyumbani kwa miguu kama sisi. Heshima hiyo inasikitisha kidogo. Mtu aliyechaguliwa kuhesabu pesa za soko amegeuzwa kuwa mgeni wa sherehe.

Wapo wanaotuambia: acheni hayo, inchi iko vitani. Ni kweli. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na familia zimefika hapa kutoka upande wa Kivu, wengine wamepokelewa katika nyumba za waumini wetu. Pesa za serikali zinakwenda kwa jeshi, na hatuwezi kujifanya hatulijui. Lakini vita vyenyewe vinaonyesha haja ya komini. Mtoto anayezaliwa leo katika familia iliyokimbia anapaswa kuandikishwa komini ndani ya siku 90, la sivyo wazazi watalazimika kupita mahakamani. Kadi ya ubatizo haishiki nafasi ya cheti cha kuzaliwa, hata ikiwa na muhuri mzuri. Nani anajua ni wageni wangapi wamelala katika kila avenyi, nani ana nafasi nyumbani, kisima gani kimezidiwa? Mshauri wa kartie anajua, au anaweza kujua kwa siku mbili.

Wengine wanatuambia neno gumu zaidi: washauri ni vinywa vingine vya kulishwa. Wabunge tumewaona, magari yao tumeyaona. Kwa nini tuongeze kundi lingine mezani? Neno hili tunalisikia hata katika kamati za kanisa, na hatulidharau. Washauri wa inchi nzima ni zaidi ya 900, na wakipewa mshahara bila kazi, hasira ya watu itakuwa ya haki. Jibu letu ni kwamba mpaka sasa tumepata ubaya wa pande zote mbili: tuligharamia uchaguzi, na usimamizi hatukuupata. Mshauri asiye na mshahara wala mamlaka ananunulika kwa bei rahisi. Anayeitishwa kuhesabu mapato ya soko mbele ya watu ana kazi ya kujitetea.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume waliwaambia watu wachague saba. Watu wakachagua, na wale saba wakawekewa mikono na kukabidhiwa huduma yenyewe, meza na chakula chake. Hawakuambiwa wangoje kalenda.

Makanisa ya Kindu yanaweza kuomba mambo machache na kuyaomba pamoja, bila kuvaa rangi ya chama chochote. La kwanza ni tarehe: CENI na serikali waseme lini washauri watachagua mabugumestre, na watoe pesa za kazi hiyo. Lingine linawezekana hata kabla ya hapo, nalo ni mapato ya masoko kubandikwa ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa hesabu ambayo mama wa meza ya sombe anaweza kuisoma au kusomewa na mtoto wake. Hilo halingoji Kinshasa. Na washauri wenyewe, hata bila ofisi, waje kwenye salongo si kupiga picha bali kuandika: mtaro gani, kalaveti ipi, korongo limefika nyumba ya ngapi. Chumba cha kukutania tunacho. Madarasa ya shule zetu hayana watu Jumamosi mchana.

Na sisi pia tujitazame. Ni parokia ngapi zinasoma hesabu ya matoleo mbele ya waumini kila mwezi? Tukibandika yetu kwanza, barua yetu kwa komini itakuwa na uzito.

Wamama wanaouza sokoni tunawaomba watunze vikaratasi vya kodi vya mwezi wa Mei, kila kimoja, na kuvileta kwa mashemasi mwisho wa mwezi. Tutavijumlisha. Jumamosi hii salongo inaanza saa moja asubuhi. Wenye beleshi walete, kwa sababu kalaveti ya mbele ya kanisa imeziba tena.