"Haushiki Moto": Mbao za Mwanzi na Dhima ya Kiswahili Ukingoni mwa Ziwa Viktoria

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika ujenzi na useremala wa Afrika Mashariki ya leo, kinyemi ni mwanzi. Hauzungumziwi hapa mwanzi mzima wa kujengea uzio au kuegemezea mgomba uliolemewa na mkungu, bali ubao wa kiwandani: mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba, ukakwanguliwa ganda, ukachemshwa, ukakaushwa, ukapakwa gundi, kisha ukabanwa kwa mashine hadi ukawa kitu kinachofanana na mvule kwa macho na pengine kuushinda kwa uzito. Ubao huo hutengenezewa sakafu, dari, kuta za kugawia vyumba, meza, makabati na vitanda. Sifa zake zinaimbwa na wengi. Mwanzi hukua upesi, hukatwa bila kung'olewa shina, na huupunguzia msitu shoka. Sifa hizo ni za kweli. Ila iko moja ambayo mara nyingi hubandikwa mwishoni mwa orodha, nayo ni kwamba ubao huu "haushiki moto". Hiyo si kweli, na kwa mji kama Kisumu si kosa dogo la lugha.

Nyanza ina historia yake na mmea huu. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Maseno kilianza mradi wa utafiti uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, wa kuwashawishi wakulima wa Nyanza Kusini, kuanzia Homa Bay na Suba hadi Migori na Kuria, waache tumbaku na kupanda mwanzi. Kuna kinaya ndani yake. Tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni, nayo ilikuwa imekwisha kula miti mingi ya vilima vile. Mwanzi ukaja kama mrithi asiyehitaji tanuri. Mwaka 2020 serikali ya Kenya iliutangaza mwanzi kuwa zao rasmi la biashara. Njia ya kutoka shambani hadi kwenye ubao bado ni ndefu, maana mbao nyingi za aina hii duniani hutengenezwa China. Hata hivyo, fundi wa Kisumu aliyezoea kusuka viti vya gugumaji na mikeka ya mafunjo ya Dunga hatashangaa akiletewa mwanzi uliogeuzwa ubao. Atauliza bei, atauliza kama unapigika msumari, na mteja wake atauliza kuhusu moto.

Swali hilo la mteja lina uzito wake. Katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga, ukuta wa jirani mara nyingi ndio ukuta wako, na jiko la makaa, mtungi wa gesi, koroboi na waya wa stima hukaa chumba kimoja na kitanda cha mtoto. Mchana upepo hutoka ziwani kuja mjini. Penye vijia vya kupita mtu mmoja, gari la zimamoto hubaki barabarani. Kenya imeyaona matokeo ya hali kama hizo kwingineko. Mnamo Juni 2018 watu 15 walikufa katika moto wa Gikomba, Nairobi, ulioripotiwa kuanzia penye mbao. Mnamo Septemba 2024 wanafunzi 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, walipoteza maisha katika bweni ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao. Mbao hizo hazikuwa za mwanzi. Lakini anayeahidiwa leo kwamba ubao mpya haushiki moto huahidiwa kwamba msiba wa namna ile haumhusu, naye hulala kwa amani asiyostahili kupewa.

Kiswahili chenyewe kina la kusema kuhusu mwanzi. Neno hili halitaji mmea tu. Pua ina mianzi yake, na kwa jumla mwanzi katika lugha ni kitu kilicho wazi ndani, kinachopitisha hewa. Uwazi huo ndio unaofanya mwanzi mkavu ukitiwa motoni upasuke kwa kishindo: hewa na mvuke uliofungiwa kati ya pingili na pingili hutanuka, hukosa pa kutokea, na kuta nyembamba za mwanzi huachia. Kila aliyepata kuota moto wa mianzi anaujua mlio ule. Sasa ubao wa kiwandani umeondolewa uwazi huo. Hauna pingili zenye hewa wala mvungu. Ni nyama tupu iliyogandamana na gundi. Kwa maana ya lugha, karibu haustahili tena kuitwa mwanzi. Ndiyo sababu watu hukosea mara mbili juu yake. Wapo wanaouogopa kwa kukumbuka kishindo cha mwanzi mzima, hali kishindo hicho hakimo tena. Na wapo wanaouamini kupita kiasi kwa kuwa umekuwa mgumu na mzito, wakadhani kuwa kigumu hakiwaki.

Huwaka. Ubao wa mwanzi, kama ubao wa mti, umefanywa kwa nyuzi ambazo moto huzila. Tofauti ni ya kasi na namna, na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa tajiri kuliko wale wanaokitumia kutangazia bidhaa. Zitazamwe kauli tano tu. Kitu hushika moto, yaani huanza. Huwaka, yaani hutoa ndimi. Hufukuta, yaani huungua kwa ndani bila ndimi, kikitoa moshi. Huungua, yaani huharibiwa na moto, pengine sehemu tu. Huteketea, yaani hakibaki. Mtu hahitaji shahada kuzitofautisha. Mama anayekoka jiko alfajiri huzitumia zote kabla ya chai kuchemka. Kwa bahati njema, nazo maabara za moto hupima mambo yanayokaribiana sana na hayo: kitu huchukua muda gani kushika, ndimi husambaa kwa kasi gani juu ya uso wake, hutoa joto na moshi kiasi gani, na hubaki kimesimama kwa dakika ngapi. Ubao mzito wa mwanzi ulioshindiliwa hukawia kushika kuliko mwanzi mzima wa kuta nyembamba. Ukisha kushika, uso wake hugeuka makaa, na ganda hilo la makaa hukinga kiini kwa muda. Kukawia huko ndiko kunakotafsiriwa na wauzaji kuwa kutoshika. Kauli ya kukanusha imefanya kazi isiyokuwa yake.

Linalosahauliwa zaidi ni unene. Mbao za miti huliwa na moto kwa kasi isiyofika milimita moja kwa dakika, na mbao za mwanzi zilizobanwa vizuri hazitofautiani nazo sana. Boriti ya sentimita 20 kwa hesabu hiyo huweza kuungua nusu saa na bado ikawa na kiini cha kubebea paa. Ukuta wa kugawia vyumba wenye milimita 12, kwa hesabu iyo hiyo, hupata robo saa hivi ukiliwa upande mmoja tu, na pungufu ya hapo maungio yakiachia. Ni ubao uleule, kiwanda kilekile, cheti kilekile. Kuna tatizo jingine la boriti: mwanzi hupoteza nguvu kabla ya kuwaka. Joto likikaribia digrii 200 za selsiasi, wakati hata ndimi hazijaonekana juu yake, uwezo wake wa kubeba mzigo umekwisha kupungua sana. Gundi nayo ina tabia yake. Ile ya bei nafuu huweza kulegea kwa joto, tabaka likabanduka na kufunua ubao mpya kwa moto, na ngao ya makaa ikaanguka sakafuni. Dawa zipo, mathalani chumvi za boraksi na asidi ya boriki, ambazo huzuia wadudu na kuchelewesha moto pia, lakini huyeyuka katika maji. Ubao uliotiwa dawa hiyo ukaachwa barazani kupigwa na mvua za Kisumu bila kupakwa kizuizi cha maji, utabaki na cheti bila dawa.

Kwa samani jambo ni tofauti kidogo. Fremu ya kochi, iwe ya mwanzi, ya mvule au ya msindano, si adui wa kwanza. Adui ni sponji iliyokaliwa. Hiyo hushika upesi, hutoa moshi mweusi wenye sumu, na mara nyingi mtu huuawa na moshi kabla ya moto kumfikia. Muuzaji anayesifu fremu isiyoshika moto huku amewekea sponji ya kawaida juu yake amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Je, maneno yanaweza kuua kweli? Jengo la Grenfell mjini London liliungua tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 wakafa, kwa sababu kubwa ya paneli zilizobandikwa ukutani kwa nje. Uchunguzi uliokamilika mwaka 2024 ulieleza kwa urefu jinsi watengenezaji wa bidhaa hizo walivyoficha na kupotosha matokeo ya vipimo vya moto. Humo mna habari ya daraja la vipimo la Uingereza ambalo lilihusu usambaaji wa ndimi juu ya uso tu, lakini katika biashara likachukuliwa kana kwamba linasema kitu hakiwaki. Mwanafunzi wa semantiki ataitambua mara moja njia hiyo: maana finyu imepanuliwa na asiyeshtakiwa. Kinyume chake kilitokea Hong Kong mwezi Novemba 2025, majengo ya Wang Fuk Court yalipoungua na kuua watu zaidi ya 150. Macho ya ulimwengu yaliangukia jukwaa la mianzi lililozunguka majengo yale, hali wachunguzi walikuwa wakionyesha kidole nyavu zisizofikia kiwango na vibao vya povu vilivyozibia madirisha. Mwanzi ulilaumiwa kwa kuwa ndio uliokuwa na jina linalojulikana na kila mtu.

Itasemwa kwamba hayo ni ya wahandisi, na kwamba idara za Kiswahili zina riwaya na tenzi za kutosha kuzishughulikia. Hoja hii imezoeleka mno. Mhandisi anaweza kupima dakika. Hawezi peke yake kuamua dakika hizo ziitweje kwa fundi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na haikungoja wanafizikia waianze. Wengine watasema lugha ya Kisumu ni Kijaluo. Ni kweli nyumbani. Lakini sokoni Kibuye seremala anaweza kuwa Mluhya wa Vihiga, mnunuzi Mkisii, dereva wa lori ametoka Mwanza, na wote hawa hukutana katika Kiswahili. Aidha, Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazozihitaji kuhusu bidhaa, na Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Cheti cha moto kilichoandikwa Kiingereza cha maabara na kufungiwa katika droo ya mwenye duka hakitimizi lolote kati ya hayo mawili.

Istilahi zinazohitajika si nyingi. Neno "kisichowaka" liachiwe tofali, mawe na saruji. Tabia ya kitu kukutana na moto, yaani jinsi kinavyoshika na kusambaza ndimi, yafaa kuitwa mwitikio wa moto. Muda ambao ukuta au mlango mzima husimama kabla ya kuupitisha moto upande wa pili uitwe ustahimilivu wa moto, na usitajwe kamwe bila dakika zake na unene wake. Kustahimili, hata katika matumizi ya kawaida, ni jambo lenye kikomo. Dawa inayotiwa mwanzini iitwe kichelewesha moto. Kuna wanaopendelea kizuia moto kwa kuwa ni fupi na linapendeza. Linapendeza, ndiyo, na ndilo litakalomrudisha mnunuzi palepale pa "haushiki".

Lebo ya Kibuye basi ingesomeka hivi: Ubao huu unawaka. Umetiwa kichelewesha moto, usiuache mvuani. Ukuta wa unene huu umepimwa, na ustahimilivu wake wa moto ni dakika kadha. Mahali pa neno hilo la mwisho paachwe wazi hadi maabara ijaze tarakimu, na pasipojazwa, mnunuzi ataliona pengo hilo kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutoa pesa.