Kiti Kimfuate Mtu, Si Mtu Akifuate Kiti

Ndugu Wanachama,

Katika mambo yatakayoletwa mbele ya mkutano mkuu wetu kabla ya msimu kuanza, limo moja ambalo baadhi yenu mmekwisha kulicheka. Nalo ni ombi kwamba chama kitoe fedha kidogo katika mfuko wake kwa ajili ya viti vya wakonyoaji. Bwana mmoja, ambaye ni rafiki yangu, aliniuliza kama siku hizi karafuu zitakonyolewa juu ya kiti cha enzi. Nilicheka pamoja naye. Lakini mzaha haulipi deni, na deni hili tunadaiwa sote. Kwa hiyo naomba ruhusa nilieleze jambo hili kwa kituo.

Kila mwanachama ajua ya kuwa karafuu huchumwa kwa mikono na miguu. Wachache hukumbuka kuwa hukonyolewa kwa mgongo. Magunia yakifika jioni kutoka shamba humwagwa juu ya mkeka, na akina mama na wazee hulizunguka fungu lile, miguu wameinyosha, vichwa wameviinamisha, mpaka saa nne au saa tano za usiku. Asubuhi kuna kuanika, jioni kuna fungu jingine. Haipiti wiki ila utawasikia wakiinuka kwa kushika ukuta. Mgongo ukiuma, mkono hupunguza mwendo. Mkono ukipunguza mwendo, fungu hulala halijakonyolewa. Na fungu lililolala hupata joto, karafuu zikageuka mpeta. Mwenye shamba hulaumu mvua, hulaumu mnunuzi, hulaumu bahati yake. Aghalabu hafikiri kuwa daraja ya karafuu zake ilianza kushuka mgongoni mwa bibi aliyeketi vibaya.

Wala haya si maneno ya wavivu. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Uswidi, Alf Nachemson, aliingiza sindano ya kupimia katika zile sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, ili ajue zinabeba uzito gani mtu akilala, akisimama na akiketi. Aliona ya kuwa mtu aliyeketi ameinama mbele, bila ya kitu cha kuegemea, huzikandamiza sahani zile zaidi kuliko mtu aliyesimama wima. Sisi tumezoea kusema kuwa aliyeketi amepumzika. Kumbe yategemea ameketi juu ya nini na ameketi namna gani.

Asiseme mtu kuwa hili ni jambo la wageni. Mzee wetu aliyebuni mbuzi ya kukunia nazi alikuwa fundi wa viti kabla ya mafundi wengi wanaosifiwa leo. Tazameni kazi yake: mbao mbili zinazokunjana kama mkasi, ulimi wa chuma mbele, na mkunaji akikaa, uzito wake mwenyewe ndio unaokishika chombo kisiteleze. Kazi ikiisha hukunjwa kikatundikwa. Kiti kile kilifikiriwa kwa ajili ya kazi moja, na kwa mwili wa mtu afanyaye kazi ile. Ajabu ni kwamba tuliifikiria nazi ya mchuzi wa siku moja, lakini karafuu, ambayo imetusomesha na kutujengea nyumba, hatukuifikiria.

Mwaka 2023, Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalipofanyika Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, chama kilituma wajumbe watatu, nami nikiwa mmoja wao. Tulikwenda kutazama mbegu na mashine. Kutoka Dar es Salaam hata Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kiti cha basi tulilopanda kilitufundisha mengi juu ya viti kabla hatujafika, maana kilikuwa kimetengenezwa kwa mtu asiye na magoti.

Katika soko la Mwanjelwa nilimwona mama mmoja muuza maharage. Alikuwa na vigoda viwili. Cha kwanza kilikuwa kifupi, nacho alikalia alipokuwa akichagua maharage katika ungo uliokuwa juu ya magoti yake. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi, na hicho alikihamia alipopimia wanunuzi katika mizani. Nilipomwuliza kwa nini hatumii kimoja, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana kisu na mwiko. Hakusoma kitabu cha daktari yeyote. Lakini alikuwa amejua mambo mawili makubwa: kwamba kila kazi ina kimo chake, na kwamba mwili haupendi kukaa namna moja tangu asubuhi hata jioni.

Wahehe wa Iringa nao wana vigoda vya asili vya miguu mitatu, vilivyochongwa katika gogo moja. Nilidhani mguu wa nne ulikosekana kwa kubana mti. Sivyo. Kiti cha miguu minne kikiwekwa juu ya udongo usio sawa, mguu mmoja huelea na mkaaji hutetereka. Cha miguu mitatu hakitetereki popote utakapokiweka. Mtu wa vilimani alilijua hilo siku nyingi. Huko Denmark fundi mashuhuri Kaare Klint alilipatia dawa nyingine mwaka 1933, katika kiti alichokiita kiti cha safari, ambacho viungo vyake havikugandishwa kwa gundi bali vimeshikwa kwa mikanda, hata kila mguu hujitafutia ardhi yake. Nyua zetu za kuanikia mnazijua zilivyo. Basi tusiwaige wenye sakafu za saruji.

Iringa mjini tulipita kwa Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Walianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Katika mkahawa wao wahudumu ni viziwi, na mgeni huagiza chai kwa kuandika au kwa ishara. Nilichokichukua kwao ni fikira moja tu, nayo ndiyo kiini cha barua hii: hawakuanza kwa kuuliza kama mwili wa mtu wafaa kwa kazi, bali waliitengeneza kazi hata ikaufaa mwili wa mtu.

Sasa labda mwanachama atauliza: miili yetu si sawa, mmoja mrefu na mmoja mfupi, tutawezaje kumtengenezea kila mtu kiti chake? Jibu limekwisha kupatikana, nalo ni rahisi. Mwaka 1972 Bwana Peter Opsvik wa Norwe alitoa kiti cha mbao kiitwacho Tripp Trapp. Pande zake mbili zina mifuo mingi, mmoja juu ya mwingine, na kibao cha kukalia pamoja na kibao cha kuwekea miguu huchomekwa katika mfuo wowote. Mtoto hukikalia mezani pamoja na wazee wake, na akikua vibao huteremshwa, hata akiwa mtu mzima kiti ni kile kile. Hakina mtambo wala umeme. Sisemi tukiige kilivyo. Nasema kwamba mfuo ni kitu ambacho fundi seremala yeyote wa kwetu aweza kuukata kabla ya adhuhuri.

Basi kiti ninachokiombea kiwe hivi. Kiwe kifupi, cha miguu mitatu, na kibao cha kukalia kiweze kuwekwa katika vimo vitatu, tuseme sentimita 20, 30 na 40. Kimo kimfaacho mtu ni kile ambacho nyayo zake zakaa chini zote na mapaja yake hayaning'inii. Kibao kisiwe kirefu kwenda mbele hata kikabana nyuma ya magoti. Vidole viwili au vitatu vipite hapo kwa nafasi. Kiwe na egemeo dogo la kiuno. Egemeo la mabega si lazima, kwa kuwa mkonyoaji huegemea anapovuta pumzi, si anapokonyoa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi hukosea. Kiti peke yake hakitoshi. Tukimwinua bibi kutoka kwenye mkeka na kuliacha fungu chini pale pale, tutakuwa tumemwongezea maradhi, kwani sasa atainama zaidi kuliko kwanza. Karafuu nazo ziinuke. Kila viti viwili viwe na kichanja kimoja cha kuwekea ungo, karibu na kimo cha viwiko vya mikono, ili macho yaone bila ya shingo kukunjwa. Mama wa Mwanjelwa aliuweka ungo magotini, nasi twaweza kuanzia hapo.

Juu ya mbao, nimesikia wengine wakisema tuagize misonobari ya Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la Serikali huko Mufindi. Ni mbao nyepesi na nzuri. Lakini mbao laini hupendwa na wadudu, na zile zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu hazifai kukaa karibu na karafuu mbichi, ambayo ni kitu cha kuliwa. Kwetu tunao mfenesi na mwembe, na mafundi tunao. Iringa wenyewe walitupa mfano: katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na mradi wa kupeleka maji vijijini kwa mabomba ya mianzi, kwa kuwa mianzi ndiyo waliyokuwa nayo. Mtu huanza na kilichopo mlangoni pake.

Najua ziko hoja za kupinga, na nyingine ni za haki. Ya kwanza husema kwamba mabibi zetu walikaa mikekani na hawakufa. Ni kweli, na mkeka si adui. Mtu aliyekaa mkekani kwa mazungumzo hujigeuza, hukunja mguu huu akaunyosha ule, huegemea, huinuka. Mkonyoaji hana nafasi hiyo, kwani analipwa kwa kipimo. Naye apendaye mkeka aachiwe mkeka wake. Kiti cha kulazimishwa si kiti, ni adhabu. Hoja ya pili ni ya fedha: bora turubai kuliko viti. Nami nakubali kuwa turubai ni muhimu mvua ikija. Lakini turubai huziokoa karafuu zilizokwisha kukonyolewa. Nani atatuokolea zile zilizolala katika fungu?

Hoja ya tatu haikusemwa mkutanoni, ila naisikia pembeni: kwamba wakonyoaji wengi si wanachama. Ni kweli, wengi ni wake zetu, mama zetu, na majirani wanaolipwa. Majina yao hayamo katika daftari langu. Jasho lao limo katika kila gunia lililomo katika daftari hilo.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito. Kila msimu mikarafuu huangusha watu, na baadhi yao hawasimami tena. Kijana mmoja wa tawi letu alipoanguka alipewa kiti cha magurudumu kwa hisani. Waliotoa walitoa kwa moyo mwema. Lakini kiti kilikuwa kipana kwake, mwili ukalala upande, na baada ya miezi michache alikuwa na vidonda vya makalio vilivyomtesa kuliko mvunjiko wenyewe. Mwaka 2008 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa, na shauri lake ni kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake, afundishwe kukitumia, na matengenezo yafuatie. Mafundi wa kazi hii wamefundishwa hapa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi. Hatumshonei maiti sanda bila ya kumpima; vipi tumpe aliye hai kiti bila ya kumpima?

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza, chama kitengeneze viti 20 na vichanja 10 kwa ajili ya matawi mawili, kwa msimu mmoja. Katika kila tawi nusu ya wakonyoaji watumie viti na nusu wabaki mikekani, karafuu zipimwe kila usiku, na kila mkonyoaji aulizwe habari ya mgongo wake. Msimu ukiisha, hesabu zitasomwa mbele ya wanachama wote. Viti visipofaa, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kushauri viuzwe. La pili, mwanachama au kibarua wetu akianguka, chama kimlipie nauli na gharama ya kupimwa kiti na fundi anayeijua kazi hiyo, na kiti hicho kitazamwe tena kila mwaka.

Mwenye rai iliyo bora kuliko hii na ailete kwa maandishi kabla ya mkutano, nayo itasomwa neno kwa neno. Na yule bwana aliyeniuliza habari za kiti cha enzi, namwomba jambo moja dogo: msimu ujao akae usiku mmoja mbele ya fungu, kuanzia magharibi hata saa tano, akonyoe. Asubuhi yake, akiweza kuinuka, tutazungumza.

Wenu mtiifu,
Katibu