Mchezaji anayeondoka asindikizwe, asitukanwe

Kila mara soko la wachezaji linapofunguliwa, habari ni ile ile kwenye redio na kwenye simu za vijana: fulani ameondoka. Juzi alikuwa kwenye mazoezi na wenzake, leo picha yake inazunguka akiwa ameshika jezi ya timu nyingine, katika nchi nyingine. Wapenzi wa timu yake wanagawanyika. Kuna wanaohuzunika, kuna wanaomtakia heri, na kuna wale ambao sauti zao husikika zaidi, wanaomwita msaliti, mwenye tamaa ya feza, mtoto asiye na shukrani.

Hasira hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi inamwangukia mtu asiyestahili. Shabiki mwenye akili anajua kwamba mchezaji si mali yake. Anajua pia kwamba miguu haidumu, na kwamba miaka kumi ya kucheza ikipita, mtu anabaki na maisha marefu mbele yake na familia ya kulisha. Kinachomuuma shabiki zaidi ni kwamba mtu wake ameondoka kimya kimya, bila kuagwa.

Katika nyumba nyingi za Kongo, mgeni akisimama kwenda zake haachwi mlangoni. Mwenye nyumba anavaa viatu, anatoka naye, anamsindikiza hadi njia kubwa, na huko njiani ndipo yanasemwa maneno ya mwisho, yale ambayo hayakusemwa mezani. Kama mgeni wa siku moja anapewa heshima hiyo, vipi mtu aliyefurahisha mji mzima kwa miaka mitano?

Lubumbashi inajua jambo hili vizuri. Mwaka 2011, kijana mmoja Mtanzania, Mbwana Samatta, alitoka Simba ya Dar es Salaam akajiunga na TP Mazembe. Alifika akiwa mgeni kwa kila kitu isipokuwa lugha, kwa sababu Kiswahili alichotoka nacho kwao alikikuta sokoni na uwanjani Kamalondo, ingawa kwa ladha nyingine. Miaka ikapita, mgeni akawa mwana wa mji. Mwaka 2015 Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika dhidi ya USM Alger. Kule Algiers Kunguru walishinda 2-1, na Samatta akafunga bao moja. Tarehe 8 Novemba, nyumbani, walishinda 2-0, na bao la kwanza lilikuwa lake, kwa penalti. Lilikuwa kombe la tano la Mazembe katika mashindano hayo.

Miezi miwili haikuisha. Mwanzoni mwa Januari 2016 Samatta alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika, na kabla ya mwezi huo kumalizika alikuwa tayari ni mchezaji wa Genk, huko Ubelgiji. Mtu aliyemwona akifunga mwezi wa kumi na moja, akarudi uwanjani baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, alikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Baadaye, mwaka 2020, Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Wengi wa Lubumbashi walihesabu furaha hiyo kuwa yao pia, na hawakukosea.

Deni hili lina upande wa pili. Mwaka 2021 Fiston Mayele, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, aliondoka V.Club ya Kinshasa kwenda Yanga ya Dar es Salaam. Kwa misimu miwili Watanzania walimpenda kama alivyopendwa Samatta Lubumbashi. Namna yake ya kutetemesha mwili baada ya kufunga iliigwa na watoto mitaani. Yanga ilichukua ubingwa wa ligi mara zote mbili, na mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambapo ilikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini tu. Muda mfupi baadaye Mayele alikuwa Misri, katika timu ya Pyramids. Tarehe 1 Juni 2025 alifunga bao katika mechi ya mwisho ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, na Pyramids ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo Kongo imempokea mtoto wa watu ikamlea, na watoto wa Kongo nao wamelelewa na watu. Anayemtukana mchezaji anayeondoka asahau basi kuomba kijana wake apokelewe vizuri mahali pengine.

Watu fulani wanajibu kwamba maneno haya ni mazuri kwa timu kubwa zenye feza, lakini timu ndogo ya mtaa inapompoteza mfungaji wake inapoteza kila kitu. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kuagana vizuri si jambo la machozi na picha peke yake. Kuna sheria ya FIFA inayosema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa timu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Timu ya mtaa inaweza kuwa na sehemu yake humo. Lakini itaipataje ikiwa haikuandika popote kwamba kijana huyo alicheza kwake, mwaka gani hadi mwaka gani? Timu ngapi zina daftari moja tu, na daftari hilo liko nyumbani kwa mwenyekiti, chini ya kitanda? Kiongozi anayemwaga kijana kwa kuandikisha vizuri miaka yake, mbele ya chama cha soka cha mji au cha jimbo, amewatendea mema kijana na timu. Kiongozi anayemficha au kumzuilia karatasi zake kwa hasira, siku ya kugawana atabaki mikono mitupu.

Mfano mmoja wa kuagana unatoka mbali, Marekani, katika mchezo ambao wengi Kongo hawauchezi: besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Albert Pujols alicheza misimu 11 katika timu ya Cardinals ya mji wa St. Louis, akaisaidia kuchukua ubingwa mwaka 2006 na tena mwaka 2011. Wiki chache tu baada ya ubingwa huo wa pili, alisaini mkataba mnono na timu ya Angels ya California. Mji uliumia. Maneno yaliyosemwa juu yake huko yalifanana na yale yanayosemwa Lubumbashi au Kinshasa: amefuata feza.

Haikupangwa siku ya kumwaga. Ilichukua zaidi ya miaka saba mpaka Pujols aingie tena katika uwanja ule, tarehe 21 Juni 2019, akiwa amevaa jezi ya wapinzani. Alipotoka kwenda kupiga mpira kwa mara ya kwanza, uwanja mzima ulisimama na kumpigia makofi kwa muda mrefu, mpaka akavua kofia yake ngumu kuwashukuru. Kesho yake aliupiga mpira ukavuka uzio, pigo lililowaumiza Cardinals wenyewe, na bado watu wa St. Louis walimshangilia mpaka akatoka tena kuwapungia mkono. Mwaka 2022 alirudi kumalizia maisha yake ya mchezo katika timu ile ile. Kwa watu wale, kuagana kulichelewa, lakini kulifika. Kama wangekuwa wamechoma daraja mwaka 2011, mzee huyo angerudi wapi?

Kongo nayo ina waliorudi. Trésor Mputu aliondoka Mazembe mwaka 2014 kwenda Kabuscorp ya Angola, na baadaye akavaa tena jezi nyeusi na nyeupe. Mlango uliofungwa kwa heshima hufunguka tena kwa urahisi.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si la kiwanja peke yake. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu walikimbia bila kumwambia jirani kwaheri. Kambi za pembeni ya Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zilivunjwa kipindi hicho, na watu waliokuwa wamezoeana kwa miaka miwili au mitatu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Ndani ya kambi hizo kulikuwa na timu za vijana zilizocheza juu ya mawe ya volkano, kwa mpira wa kushonwa. Kila timu ilikuwa na mfungaji wake, na kila mfungaji alikuwa na watoto waliolitaja jina lake kwa sauti. Yuko wapi leo? Mara nyingi hakuna anayejua.

Muhami wa vita anajua ladha ya kuondoka bila kuaga. Anajua kwamba mtu asiyeagwa hubaki akilini kama mlango usiofungwa, usiku unagonga kwa upepo. Ndiyo maana yeye, kuliko wengine, ana haki ya kuwaambia viongozi wa timu na wapenzi wake: pale ambapo amani ipo na muda upo, msiache kuaga. Nafasi hiyo wengine hawakuipata.

Na kuaga hakugharimu franga nyingi. Timu ikishakubaliana na timu nyingine, itangaze mapema kadiri inavyowezekana. Kama mechi moja imebaki, basi mchezaji azunguke uwanja, ashike mkono wa mzee anayekaa kila mara mahali pale pale, apewe picha na watoto, kapteni aseme maneno mawili. Kama mechi haikubaki, atumie redio ya mji aseme mwenyewe kwa mdomo wake, kwa Kiswahili wanachokisikia waliomshangilia, kabla hawajaliona tangazo la timu mpya. Kuna viongozi wanaohofia kwamba mazungumzo yakivuja biashara itaharibika. Hofu hiyo ina maana kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, kimya hakilindi kitu tena.

Mpenzi wa timu naye ana kazi yake. Asitume watoto kurusha mawe kwenye lango la wazazi wa mchezaji. Asimtukane mama wa mtu kwenye simu. Mama huyo bado anaishi katika mtaa ule, bado anachota maji kwenye bomba lile lile, na kesho atakutana na aliyemtukana msibani au kanisani. Kama shabiki ana malalamiko juu ya bei au juu ya mkataba, ayapeleke kwa komite ya timu, ambako mkataba ulitiwa saini.

Na mchezaji akumbuke kwamba kelele zilizomfanya aonekane na watu wa mbali zilitoka kwenye vifua vya watu ambao wengine walikuja uwanjani bila kula. Hawamdai feza. Wanamdai neno moja kabla ya kupanda ndege.

Soko la wachezaji litafunguliwa tena, na mtu mwingine anayependwa ataondoka. Timu itapata namba tisa mwingine. Lakini watoto wanaotazama watajifunza siku hiyo namna ya kuachana na mtu wanayempenda, na katika nchi ambayo watu huachana ghafla hivi, wafundishwe kumsindikiza mtu hadi njiani na kumwambia: nenda salama, na siku ukirudi utakuta tupo.