Mambo ya Nyumbani: Daktari na Chungu Chake

Methali yasema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Watu wengi huitumia wanapomwona daktari apendaye kupika, wakidhani kwamba mtu mwenye kazi nzito namna ile hawezi kupata nafasi ya kukaa jikoni, na kwamba ama wagonjwa wake watapungukiwa, ama chungu chake kitaungua. Yafaa jambo hili lichunguzwe vizuri, maana lamhusu pia karani atokaye ofisini jioni, na mkulima arudiye nyumbani na jembe begani.

Kwanza ni lazima kuifahamu kazi yenyewe. Katika Kenya mwanafunzi wa udaktari husoma chuo kikuu kwa muda wa miaka 6, kisha hutumika hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi wa madaktari wakubwa, akipitishwa katika idara mbalimbali, kama vile magonjwa ya watoto, upasuaji na uzazi. Baada ya hapo kazi haipungui, na zamu za usiku huwa ni sehemu ya maisha yake. Huko Marekani taabu hii ilizidi hata mwaka 2003 ikawekwa kanuni kwamba daktari aliye mafunzoni asifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa juma, kwa wastani. Saa hizo ni mara mbili ya zile za karani wa kawaida. Tena mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali ya mtu kuishiwa nguvu na moyo kwa sababu ya kazi, ijapokuwa halikuihesabu kuwa ugonjwa.

Kwa nini basi mtu aliyechoka hivyo ashike mwiko badala ya kulala? Sababu ni kwamba kazi ya hospitali haina mwisho ulio wazi. Mgonjwa mmoja akipona, wawili wengine wangojea mlangoni. Na mara nyingine daktari hufanya yote yapasayo, na mgonjwa akafa. Chungu si hivyo. Kitunguu hubadilika rangi mbele ya macho, harufu hutoka, chakula huiva, watu hula wakashiba. Kazi imeanza na imekwisha jioni ile ile. Kwa mtu wa kazi kama hiyo, furaha ndogo namna hii si upuuzi, bali ni pumziko la kweli.

Shida ya kwanza ni nafasi. Daktari mwenye busara hatafuti saa asizokuwa nazo, bali huchagua vyakula vijifanyiavyo kazi vyenyewe. Unga wa wimbi ukikorogwa na maji na kuachwa siku moja au mbili huchachuka bila msaada wa mtu, na uji wake huwa mtamu. Maharagwe nayo yaweza kulowekwa kabla ya zamu ya usiku. Asubuhi daktari arudipo, humwaga yale maji, hutia mengine, na kuyachemsha kwa nguvu nusu saa nzima. Halafu huitia sufuria, ikiwa imefunikwa, ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu au pamba pande zote, akaenda kulala. Joto lililofungiwa humo huendelea kuyapika. Aamkapo baada ya saa 4 hivi, huyachemsha tena kidogo, na chakula ki tayari. Hivyo usingizi wake na upishi wake vimefanyika kwa wakati mmoja, na kuni au makaa yamepungua.

Lakini ile nusu saa ya kuchemsha isipunguzwe. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu iumizayo tumbo na kutapisha, na joto la kapu peke yake haliwezi kuiondoa. Kadhalika, chakula kilichokwisha pikwa kisiachwe mezani kupita saa 2, maana vijidudu hupenda uvuguvugu. Mwenye friji na akitie humo upesi katika vyombo vidogo. Asiye na friji na apike kiasi kitakachokwisha siku hiyo.

Shida ya pili ni uchovu. Kisu kikali na mafuta ya moto havimwonei huruma aliyekesha. Siku ambayo macho yafumba yenyewe, na ale ndizi na maziwa akalale. Chungu hakitaona uchungu.

Shida ya tatu ni kubwa kuliko hizo, nayo haitoki hospitalini bali nyumbani. Mwanamume daktari akipika, majirani humcheka. Mwanamke daktari akipika, hakuna amwambiaye ahsante, kwa kuwa wote wadhani ni wajibu wake, hata kama ametoka kuzalisha kina mama usiku kucha. Kupika kwa kupenda kukigeuzwa kuwa amri, raha yote hutoka, na kazi ya pili huongezwa juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo yawapasa watu wa nyumba kupatana: siku fulani ya juma ni yake ya kupika apendacho, siku nyingine mume, watoto wakubwa na ndugu washike zamu zao, kama vile hospitali ishikavyo zake.

Nyumba ikifanya hivyo, hata wagonjwa hupata faida. Mnamo mwaka 1933 Dr. Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica na kufanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Ugonjwa huo ndio kwashiorkor, na chanzo chake alikiona katika chungu cha nyumbani. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, kilianzisha jiko la kuwafundishia wanafunzi wa udaktari upishi, ili wajue wawaambiavyo wagonjwa. Daktari asemaye tu, "Punguza chumvi," husahauliwa mlangoni. Yule aliyekwisha kupika maharagwe kwa nyanya, dania na ndimu aweza kumweleza mgonjwa wa shinikizo la damu jinsi mchuzi unavyopata ladha kwa chumvi kidogo, naye akaenda nyumbani akajaribu.

Basi, mwenye kazi nyingi asijinyime jiko, wala asijitwike jiko zima. Chakula kimoja kwa juma, kikipikwa kwa utulivu na kuliwa pamoja na watu wake, chatosha.