Mtoto mdogo kwenye maji moto ya Japani: Dakika chache zinamtosha

Kwa familia za Watanzania na Wakenya walioko Japani kwa masomo au kazi, usiku mmoja kwenye hoteli ya chemchemi ya maji moto ni safari isiyohitaji mipango mingi. Chumba kimoja kinawatosha watu wanne wakilala kwenye magodoro yanayotandikwa sakafuni. Chakula cha jioni na cha asubuhi mara nyingi kimo ndani ya bei. Hoteli nyingi zina hata yukata, yale mavazi mepesi ya pamba, za saizi ya watoto.

Maswali huanza kwenye maji yenyewe. Wajapani huyaita onsen, na sheria yao ya mwaka 1948 huyatambua kuwa ni maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi, au yenye kiwango kilichowekwa cha mojawapo ya madini yaliyoorodheshwa.

Wazazi wanaokwenda kwa mara ya kwanza huwaza zaidi suala la kuoga uchi, kwa sababu mabwawa ya pamoja hayaruhusu nguo za kuogelea. Aibu ni jambo la kweli na haifai kubezwa, lakini lina ufumbuzi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, yanayotakiwa kumkosesha mzazi usingizi ni mawili: maji yana joto kiasi gani, na nani anamwangalia.

Maji ya mtu mzima

Mabwawa mengi ya hoteli huwa na joto la kati ya nyuzi 40 na 42. Mtu mzima aliyetoka kwenye baridi ya Februari huyaona ni raha tupu. Mtoto wa mwaka mmoja hulia akiguswa nayo mguuni, na wazazi wengine hudhani anadeka. Ikumbukwe kwamba maji ya kumwogeshea mtoto mchanga hushauriwa yawe na nyuzi 37 hadi 38, yaani karibu sawa na joto la mwili wake.

Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto haraka kuliko mwili wa baba yake. Tena akiwa ndani ya maji, jasho halimsaidii, kwa kuwa haliwezi kukauka likapoza ngozi. Joto linaingia na halina pa kutokea, na yeye hajui neno la kusema kwamba kichwa kinazunguka.

Kwa hiyo mtoto mdogo aingie kwenye maji yasiyozidi nyuzi 40, na yakiwa 38 ni bora zaidi. Akae dakika tatu hadi tano, kisha atoke apumzike. Mara moja kwa jioni inatosha. Hoteli zenye mabwawa kadhaa huwa na moja lenye maji ya vuguvugu, na mhudumu akiulizwa ataonyesha ni lipi.

Kuna jambo moja linalowahusu moja kwa moja wazazi Waafrika. Ushauri unaotolewa mara nyingi Japani ni kumtoa mtoto majini uso wake unapoanza kuwa mwekundu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Mzazi anayesubiri kuuona atasubiri hadi mtoto alegee.

Zitazamwe dalili nyingine. Mtoto aliyekuwa akicheza ananyamaza ghafla, au analialia bila sababu. Anapumua haraka. Jasho linamtoka kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Macho yanakuwa mazito kama ya mwenye usingizi, shingo inalegea begani kwa mama. Mojawapo tu ya hizo inatosha kumtoa.

Akishatolewa, apelekwe penye hewa ya baridi kidogo, avuliwe taulo zito, apepewe, na anyweshwe maji kidogo kidogo. Anayenyonya anyonyeshwe. Chai ya shayiri, mugicha, inayopatikana kwenye hoteli nyingi haina kafeini na Wajapani huwapa watoto wao. Kummwagia maji ya barafu hakufai. Akitapika mfululizo, akiwa haamki vizuri au akipata degedege, ipigwe simu ya gari la wagonjwa, namba 119.

Kuhusu umri, hakuna sheria ya nchi nzima inayotaja mwezi ambao mtoto anaruhusiwa kuingia. Wajapani wenyewe wana desturi ya kumwogesha mtoto kwenye beseni lake kwa mwezi wa kwanza, hadi apimwe na daktari akitimiza mwezi mmoja, ndipo aoge pamoja na wazazi nyumbani. Hiyo ni kwa maji ya bomba. Kwa maji ya chemchemi, mzazi mwenye mtoto wa miezi mitatu hapotezi kitu akingoja.

Mama mmoja, watoto wawili

Bwawa la wanaume na la wanawake hutenganishwa, na hapo ndipo familia hujikuta imepangwa vibaya. Chukua baba, mama, mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi kumi. Baba anakwenda upande wake akiwa na taulo begani. Mama anabaki na watoto wote wawili, kwenye sakafu ya mawe iliyolowa.

Utaratibu wa kuoga Japani ni kwamba mtu hukaa kwenye kigoda, anajisugua kwa sabuni na kujisuuza, ndipo anaingia bwawani. Mama huyo anatakiwa amwogeshe mkubwa, amwogeshe mdogo, kisha ajioge mwenyewe. Akifumba macho kuosha povu kichwani, mkubwa ameshafika ukingoni mwa bwawa.

Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Anateleza chini kimya, na maji yanayomfikia mtu mzima kiunoni yanamfunika kabisa mtoto wa miaka miwili. Nchini Japani, bafu ya nyumbani ni miongoni mwa mahali ambapo watoto wa chini ya miaka miwili huzama zaidi, na ni bafu ambayo mzazi ameizoea. Maboya ya kuvalishwa mtoto shingoni yamewahi kutolewa maonyo na mamlaka za huko baada ya ajali kutokea. Hayachukui nafasi ya mkono wa mtu mzima.

Ufumbuzi wa kwanza hauna gharama: wazazi waoge kwa zamu. Mmoja anakwenda kuoga peke yake, anajiosha kila mahali kwa utulivu, huku mwenzake amebaki chumbani na watoto. Baadaye mtoto mmoja anaandamana na mzazi mmoja. Ni kweli baba wengi huona hilo si kazi yao. Wakumbushwe kwamba baba wa Kijapani akiwa na mtoto wake upande wa wanaume ni jambo la kawaida, na hakuna atakayewashangaa.

Ufumbuzi wa pili ni bafu ya familia, inayoitwa kashikiri au kazoku-buro. Familia hupewa bafu nzima peke yake, mlango ukifungwa kwa ndani, kwa muda wa dakika 40 hadi saa moja. Baadhi ya hoteli hutoza yeni elfu mbili au tatu, nyingine hutoa bure kwa wageni wake. Kwa familia yenye watoto wadogo, hiyo ni pesa ya kutumia kabla ya kufikiria chumba chenye mandhari ya mlima.

Bafu hiyo huondoa pia mambo mengine. Familia ya Kiislamu inayolinda stara haitalazimika kuvua nguo mbele ya wageni. Mzazi mwenye tatuu, ambazo mabwawa mengi ya pamoja huzikataza, hatazuiwa mlangoni. Mama aliyetoka harusini akiwa na hina hadi kwenye viwiko naye atakwepa maelezo marefu kwa mhudumu ambaye huenda hajawahi kuiona. Hata joto la maji mara nyingi linaweza kupunguzwa kwa kufungulia bomba la baridi, jambo ambalo mtu hawezi kulifanya ovyo kwenye bwawa la watu thelathini.

Suala la nepi nalo huishia hapo. Hoteli nyingi hazimruhusu mtoto ambaye bado anavaa nepi aingie bwawa la pamoja, na zile za kuogelea mara nyingi hazikubaliwi pia. Si ubaguzi dhidi ya watoto. Kinyesi kidogo kikiingia bwawani, maji yote yanatakiwa kutolewa na bwawa kusafishwa. Kwenye bafu ya familia baadhi ya hoteli huruhusu, nyingine zinakataa hata huko, hivyo iulizwe siku ya kuweka nafasi.

Kwa watoto wakubwa kidogo, kuna mabadiliko ambayo wengi hawajayasikia. Zamani mwongozo wa Wizara ya Afya ya Japani ulizuia watoto kuoga na jinsia nyingine kuanzia umri wa takriban miaka 10. Desemba 2020 umri huo ulishushwa hadi takriban miaka 7, na Tokyo ilianza kuutekeleza Januari 2022. Mama anayesafiri peke yake na mtoto wa kiume wa darasa la pili ajue kwamba huenda mtoto huyo akaambiwa aende upande wa wanaume bila yeye. Kwa mama huyo, bafu ya familia ni lazima.

Si maji yote ni sawa

Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo hubandikwa karatasi inayoeleza madini yaliyomo. Maji ya Kusatsu, mkoani Gunma, yana asidi kali, na ya Tamagawa, mkoani Akita, ndiyo yanayotajwa kuwa na asidi kali kuliko yote Japani, yakiwa na pH ya takriban 1.2. Ndimu ina asidi pungufu ya hapo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, upele wa nepi au mchubuko wa goti ataungua kwa maumivu.

Familia yenye watoto itafute maji ya kundi linaloitwa tanjun onsen, yenye madini machache na yasiyochoma. Mtoto akitoka asuuzwe kwa maji ya bomba, akaushwe kwa kugusagusa na taulo, kisha apakwe mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa. Majira ya baridi hewa ya Japani ni kavu mno kwa ngozi iliyozoea Dar es Salaam au Mombasa.

Wapo bakteria wa Legionella, ambao hustawi kwenye maji ya vuguvugu yanayozungushwa bila kusafishwa ipasavyo, na humpata mtu anapovuta mvuke au matone ya maji hayo. Mwaka 2002, mlipuko uliohusishwa na bafu za maji moto huko Hyuga, mkoani Miyazaki, uliua watu 7. Tangu hapo usimamizi umekazwa na mzazi hana haja ya kuogopa kila bwawa. Asimruhusu tu mtoto kunywa maji ya bwawa wala kukaa chini ya maporomoko yanayomrushia matone usoni. Homa na kikohozi vikianza ndani ya siku kumi baada ya safari, daktari aambiwe kwamba mtoto alikwenda onsen.

Mezani mambo ni mepesi zaidi. Samaki mbichi na mayai mabichi huwa kwenye menyu ya kawaida, na havimfai mtoto mdogo wala mjamzito. Hoteli nyingi huandaa sahani ya watoto ikiombwa mapema. Mwenye mzio aseme siku anapoweka nafasi, asingoje kufika. Aulizie na soba, tambi za ngano nyeusi, kwa kuwa huko mzio wake unajulikana sana kiasi kwamba ngano hiyo ni miongoni mwa vyakula ambavyo sheria inalazimisha kuandikwa kwenye vifungashio. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, asali isipewe kabisa.

Mama mjamzito anaweza kukuta bango la zamani likimkataza kuingia. Mwaka 2014 Wizara ya Mazingira ya Japani iliondoa ujauzito kwenye orodha ya hali zinazozuia kuoga onsen, kwa kukosekana ushahidi wa kitabibu. Hilo halimaanishi akae nusu saa kwenye nyuzi 42. Joto kubwa la mwili katika miezi mitatu ya kwanza linaweza kumdhuru mtoto tumboni, na sakafu yenye utelezi haijali miezi. Aulize kliniki, aingie maji ya wastani kwa muda mfupi, na asiwe peke yake.

Kwa mtoto aliyeanza homa usiku au wikiendi, Japani ina namba ya ushauri wa afya ya watoto, #8000, ambako mzazi huelezwa kama ni wa kukimbizwa hospitali au anaweza kungoja asubuhi. Mazungumzo kwa kawaida ni ya Kijapani, kwa hiyo kwa asiyekijua, mhudumu wa mapokezi anaweza kuombwa apige kwa niaba yake. Umri wa mtoto, uzito wake na dawa anazotumia viandikwe kwenye simu kabla ya safari.