Nani Asimame Mbele? Juu ya Kuonyesha Michezo ya Nyimbo Bila Mapambo

Siku ya wazazi ikikaribia, walimu wengi wa shule za msingi huacha kutayarisha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kwa sababu moja: hakuna pazia, hakuna maleba, hakuna mbao za kujengea nyumba ya mfalme. Badala yake huimbwa nyimbo tatu za kwaya, wageni hupiga makofi, na mambo huishia hapo. Sisi tunaona kwamba sababu hiyo haina uzito, na kwamba shida halisi iko mahali pengine, yaani katika namna mwalimu anavyowachagua watoto.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani iko desturi ya kuonyesha mchezo wa nyimbo kwa namna ya tamasha. Maana yake ni kwamba mchezo uliotungwa uchezwe pamoja na majumba na vyombo vyake vyote huimbwa mbele ya watu bila vitu hivyo. Okestra, ambayo kwa kawaida hufichwa shimoni mbele ya jukwaa, huketi juu ya jukwaa machoni pa wote. Mjini New York, ukumbi wa New York City Center ulianzisha mwaka 1994 mfululizo uitwao Encores!, wa kufufua michezo ya zamani kwa namna hiyo. Mazoezi yake huwa ya siku chache tu, na kwa hiyo waigizaji walizoea kushika vitabu vya maneno mikononi hata mbele ya hadhira. Mwezi Mei 1996 waliimba hivyo mchezo wa Chicago, ambao ulikuwa umeonyeshwa kwanza mwaka 1975. Ulipendeza mno hata ukahamishiwa Broadway mwezi Novemba mwaka huo huo, na wenye mchezo hawakuona haja ya kuongeza majumba: okestra ilibaki jukwaani, mavazi yakabaki meusi. Uliendelea kuonyeshwa kwa zaidi ya robo karne. Basi asitokee mwalimu wa kutuambia kwamba jukwaa tupu ni alama ya umaskini.

Hata kwetu jambo hili si geni. Ngonjera, ambazo marehemu Mathias Mnyampala alizieneza baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, husemwa na watoto waliosimama tu wakijibizana, wala hatujamsikia mzazi akiuliza nyumba ya mkulima iko wapi.

Lakini mapambo yakiondolewa, kitu kimoja hukua, nacho ni mtu mwenyewe. Watazamaji hawana pengine pa kutupia macho. Tarehe 8 Oktoba 1995, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, iliadhimishwa miaka 10 ya mchezo wa Les Misérables mjini humo. Mchezo huo umetokana na riwaya ya Victor Hugo, na mambo yake ni ya Ufaransa ya karne ya 19. Waimbaji walivaa maleba, ila walisimama mbele ya vipaza sauti wakiwaelekea watu. Sehemu ya Éponine, binti wa mitaani wa Paris, iliimbwa na Lea Salonga kutoka Ufilipino. Miaka 15 baadaye, katika ukumbi wa O2 mjini humo humo, Salonga aliimba sehemu ya Fantine, na Norm Lewis, Mmarekani mweusi, akaimba sehemu ya Javert, yule askari asiyejua huruma. Hadithi haikupungukiwa na kitu. Mtu aliyekwisha kubali kwamba pale pasipo na ukuta pana ukuta, hashindwi kukubali kwamba Javert ni mweusi.

Onyesho hilo la mwaka 2010 lilikuwa na kosa lake pia. Sehemu ya Marius alipewa Nick Jonas, kijana mashuhuri kwa nyimbo za vijana, na wengi waliona kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba mno kando ya Alfie Boe aliyefunzwa opera. Katika mchezo kamili Marius hupigana, hujeruhiwa, hubebwa mabegani; katika tamasha ana sauti yake tu. Hatumlaumu kijana. Tunadhani kwamba jina lake lilitangulia sauti yake.

Nasi tuna majina yetu: mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, kiranja mkuu, binti mwenye sura ya kupendeza. Wengine huwekwa nyuma. Katika shule moja tulikopelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, mtoto wa darasa la nne aliambiwa asimame safu ya mwisho, afungue mdomo, asitoe sauti, kwa kuwa anawaharibia wenzake. Siku ya sherehe alifanya hivyo hivyo tangu mwanzo hata mwisho. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, akimwangalia yeye peke yake. Baadaye alimsifu kwa kuimba vizuri, na mtoto akatazama chini. Sisi hatukusema neno, kwa sababu tulikuwa wageni pale, na hadi leo jambo hilo linatuuma.

Lingeweza kuepukwa kwa urahisi. Katika lile tamasha la mwaka 1995, mwishoni waliingia waimbaji 17 kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa amewahi kuwa Jean Valjean kwao, wakaimba kwa kupokezana, kila mtu kwa lugha yake. Shujaa mmoja, sauti 17! Mwalimu mwenye watoto 60 na afanye vivyo hivyo: shujaa awe na mtoto mwingine katika kila onyesho, na kitambaa chekundu kipokezwe shingo hata shingo ili watazamaji wajue nani ni nani. Mtoto asiyeweza kushika tuni apewe kusimulia. Mahali pasipo na majumba, msimulizi ndiye anayejenga majumba. Kazi hiyo si makombo.

Hata hivyo uhuru huu una mpaka. Mwaka 2018, kwa ajili ya tamasha za BBC Proms, sehemu ya Maria katika West Side Story alipewa Sierra Boggess, mwimbaji Mmarekani mweupe. Maria ni msichana wa Puerto Rico, na mchezo mzima ni juu ya ugomvi wa vijana wa Puerto Rico na vijana weupe wa New York. Watu walilalamika, na mwenyewe akajitoa. Tunaona alifanya vyema. Kisa cha Javert hakisimami juu ya rangi yake. Kisa cha Maria kinasimama juu ya asili yake. Mwalimu hukutana na mpaka huo pale anapotaka kijana mzima achechemee ili watu wacheke, wakati darasani yumo mtoto mwenye mguu mmoja mfupi anayetazama. Sehemu hiyo na iondolewe, au mtoto huyo aulizwe kwanza, faraghani, kama anaitaka.

Yaliyobaki ni madogo. Madaftari yashikwe usawa wa kifua, yasifunike midomo. Watoto wasielekezwe kwenye jua la alasiri. Wasio na zamu wakae kwenye mabenchi pale pale mbele ya watu, wakisikiliza. Na mwalimu aache kujificha nyuma ya mlango akinong'ona maneno yaliyosahauliwa. Akae kando ya ngoma, wanafunzi wamwone.